Tegu anayemnyima omena uzazi

Kwa wakazi wengi wa kaunti za Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori, omena ni kitoweo cha kila siku na tegemeo la wavuvi na akina mama wanaomwanika na kumuuza. Hata hivyo, mara kwa mara wavu wa mvuvi hutoka ziwani na omena waliofura matumbo kana kwamba wamejaa mayai. Wanapopasuliwa, kinachoonekana ni mnyoo mweupe, bapa kama utepe, aliyejikunja tumboni. Huyo ni tegu ambaye wataalamu humwita Ligula intestinalis.

Tegu huyu huhitaji wenyeji watatu ili kukamilisha maisha yake. Mayai yake huanguka majini pamoja na kinyesi cha ndege. Yakianguliwa, hutoka kiluwiluwi anayeogelea hadi amezwe na kijidudu kidogo mno cha majini. Kwa kuwa omena hutegemea vijidudu vya aina hiyo kwa chakula, humla pamoja na kimelea aliyemo. Kimelea hupenya ukuta wa utumbo, huingia kwenye uwazi wa tumbo na kuanza kukua. Huweza kuwa mrefu kumpita samaki mwenyewe.

Hapo ndipo hasara inapoanza. Tegu hunyonya lishe ya samaki, hubana viungo vya ndani na kuvuruga homoni za uzazi. Viungo vya kutengenezea mayai na mbegu hudumaa, na samaki huwa tasa angali hai. Isitoshe, samaki mwenye tegu huwa mzito wa mwendo na huelekea kuogelea karibu na uso wa maji, mahali ambapo mnandi, mwari na ndege wengine walao samaki humnyakua kwa urahisi. Katika joto la mwili wa ndege, tegu hukomaa kwa siku chache tu, hutaga mayai, kisha hufa. Mzunguko huanza upya.

Je, mlaji ana haja ya kuhofu? Tegu huyu hafahamiki kuwa tishio kwa afya ya binadamu. Lakini baadhi ya minyoo wengine wa samaki huweza kumdhuru mtu, hivyo ni muhimu kupika samaki yeyote hadi aive kabisa. Kuanika juani pekee hakutoshi kuwa kinga.

Mvuvi naye ana wajibu. Omena waliofura wasirudishwe ziwani wala kuachwa ufuoni wakaliwa na ndege. Afadhali wafukiwe mbali na maji. Hatua hiyo haitaangamiza tegu, kwani ndege wataendelea kuvua, lakini itapunguza mayai yanayorudi ziwani. Uzito wa omena mwenye tegu huweza kumfurahisha muuzaji kwenye mizani, ilhali samaki huyo hataacha kizazi. Si kila tumbo lililojaa lina mayai.