Kumbukumbu na Ukumbukaji

Taaluma inayochunguza jinsi tunavyoona, tunavyosikiliza, tunavyokumbuka na kuamua huitwa saikolojia ya utambuzi. Jina hilo lilienea duniani kutokana na kitabu cha mwanasaikolojia Ulric Neisser cha mwaka 1967. Kiswahili kimelipa shina zuri: kutambua ni kupambanua kimoja katikati ya vingi, na ndiko kulikozaa kitambulisho.

Kazi hiyo ya kupambanua inaonekana alfajiri pale Mboko, katika eneo la Fizi mashariki mwa Kongo, mitumbwi inaporudi kutoka Ziwa Tanganyika baada ya usiku wa kuvua kwa taa. Ufuo unajaa kelele: huku wananadi ndagala, kule wabebaji wanaomba njia. Mama anayepatana bei hayasikii maongezi ya jirani yake, lakini jina lake likitajwa nyuma yake, anageuka. Mwaka 1959 mwanasaikolojia Neville Moray alilipima jambo hilo. Watu waliofuatilia maneno ya sikio moja hawakushika yaliyosomwa katika sikio la pili, ila baadhi yao walilisikia jina lao. Uwezo huo wa kuchuja tunauita umakini, na mtu hushika jambo moja kwa kuacha mengine. Kwa hiyo mtoto anayeambiwa darasani kwamba hana umakini huenda anao, ila ameupeleka kwingine.

Neno linalonishughulisha zaidi ni kumbukumbu. Tunalitumia kwa maandishi ya mkutano, kwa sherehe za kila mwaka, na wasomaji wa Biblia wanalijua katika Kumbukumbu la Torati. Kote humo ni kitu kilichokwisha kuwekwa, kinachongoja kufunguliwa. Ndiyo maana tunapolihamishia kichwani tunadhani yaliyopita yamelala humo kama yalivyotokea.

Mwaka 1932 mwanasaikolojia Frederic Bartlett wa Cambridge alieleza vingine katika kitabu chake. Waingereza aliowapa wasome hadithi ngeni waliisimulia upya wakiipunguza na kuigeuza ifanane na mambo waliyoyazoea, bila kukusudia kudanganya. Katika kitabu hichohicho anamtaja mchunga ng'ombe wa Uswazi (Eswatini ya leo) aliyekumbuka, baada ya mwaka mmoja, ng'ombe walionunuliwa, rangi zao na bei zao, akikosea mambo madogo mawili tu. Ng'ombe ndio waliokuwa maisha yake. Akili hushika inachokijali, na kila inapokumbuka hujenga upya.

Kwa tendo hilo tunalo neno ukumbukaji, nami naomba tulitumie zaidi. Kumbukumbu ibaki kwa kilichohifadhiwa. Ukumbukaji uwe kazi ya kukijenga. Kitenzi chenyewe kinatufundisha: tunakumbuka, tunakumbushwa, tunakumbushana.

Katika Fizi tofauti hiyo ina uzito. Vita vya 1996 na vilivyofuata viliwavusha watu wengi ziwa hadi kambi za Kigoma, ikiwemo Nyarugusu. Kuanzia 2005 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, liliwarudisha wengi kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka. Mtu aliyeondoka kijana anarudi mtu mzima, anasimama penye shamba la baba yake na kusema mpaka ulipita kwenye mwembe. Jirani aliyebaki anasema ulipita kwenye mfereji. Tukiwa na neno kumbukumbu peke yake, mmoja wao lazima ni mwongo, kwa kuwa kilichowekwa ni kimoja. Tukiwa na ukumbukaji, tunaelewa kwamba wote wawili wanaweza kusema kwa moyo mweupe na bado wakatofautiana. Mmoja ameujenga mpaka huo kambini kwa miaka mingi, mwingine ameulima kila msimu.

Hapo wazee wanaosuluhisha wana kazi bora kuliko kumsaka mwongo: kuwaita waliolima karibu, kumsikiliza kila mmoja peke yake kabla hawajaathiriana, kisha kutembea pamoja shambani na kukumbushana, na wakishaafikiana waandike. Yakishaandikwa, hizo ndizo kumbukumbu.