Chakula cha Shauri Moyo

Sukuma wiki ina binamu Marekani. Anaitwa collard. Majani yake ni mapana, na huko hayakatwi membamba na kukaangwa dakika tano na nyanya kama tunavyofanya sisi. Yanachemka polepole, saa nzima na zaidi, pamoja na mfupa wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi. Lakini ukoo ni mmoja, na kazi ni ileile: kuisukuma wiki mpaka mshahara ufike.

Nilikutana na binamu huyu Chicago, South Side, katika mkahawa mdogo ambao jamaa mmoja wa huko alinipeleka nikaonje chakula cha kwao. Sahani ilikuja na hizo mboga, kunde zenye jicho jeusi, bamia za kukaanga, mkate wa mahindi, na bakuli la utumbo wa nguruwe. Jamaa akanitazama, akingoja nikunje uso. Mimi ni mtoto wa Jericho. Nikamwambia, kwetu matumbo yanauzwa kando ya stage na hakuna anayeshtuka.

Nusu ya sahani ile ilitoka Afrika. Kunde na bamia zilivuka Atlantiki enzi za biashara ya watumwa. Mahindi yalisafiri upande wa pili: ni mmea wa Amerika, ulioletwa pwani yetu na Wareno kuanzia karne ya 16. Kwa hivyo ugali tunaoupigia kifua ni mgeni, na kunde tunazoziona za kishamba ndizo mwenyeji.

Katika mashamba ya kusini mwa Marekani, posho ya mtumwa ilikuwa hasa unga wa mahindi na nyama ya nguruwe ya chumvi. Zilizobaki, yaani miguu, utumbo na shingo, zilipikwa kwa akili na subira. Kisha kati ya 1910 na 1970 watu weusi karibu milioni 6 walihama kusini kwenda miji kama Chicago, Detroit na New York, wakabeba sufuria zao. Katika miaka ya 1960, wakati wa kupigania haki, chakula hicho kikapewa jina la fahari: soul food, chakula cha roho. Mwaka 1962 Sylvia Woods alifungua mkahawa wake Harlem, na jina lake likajulikana dunia nzima.

Sasa rudi Eastlands. Ukoloni wa hapa haukuwa utumwa wa Mississippi, na sitaki kuvichanganya. Lakini Nairobi ya mkoloni ilitaka mikono ya Mwafrika bila familia yake. Kipande shingoni, kitanda kwenye chumba cha kushare, na mshahara uliopimwa kwa mwanaume mmoja asiye na mke wala watoto. Hata kamati ya serikali yenyewe, ya Carpenter, ilikiri jambo hilo mwaka 1954. Nani basi alimlisha huyo mfanyakazi?

Wanawake. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake *The Comforts of Home* cha 1990, anaonyesha jinsi wanawake wa Pumwani walivyouza mpaka chai, chakula na maji ya kuoga, na baadhi yao wakajenga nyumba zao wenyewe. Pangani ya zamani ilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, waliofukuzwa walipelekwa Shauri Moyo. Hebu lisikilize jina hilo. Jirani yake ni soko la Burma, lenye jina la vita ambako askari wa KAR walipigana mwaka 1944. Leo watu wanavuka jiji kwenda kula nyama pale.

Kuna kitu lakini hunikera kila nikisikia story hii ikisimuliwa: eti chakula cha mtaa ni mabaki ya matajiri tu. Si kweli. Mutura ilikuwa na heshima kwa Wakikuyu kabla mzungu hajajenga reli; ilipikwa palipochinjwa, kwa sherehe, na wenye kujua. Huko Carolina nako, watumwa kutoka Afrika Magharibi walikuja na ujuzi wa kulima na kupika mpunga. Umaskini unaeleza kwa nini tulinunua matumbo. Hauelezi kwa nini ni matamu. Utamu ni elimu, na elimu ina wenyewe.

Tofauti yetu na wale wa South Side ni kwamba wao walikipa chao jina, wakakiandikia vitabu, wakajua nani alipika nini. Sisi tuna menu za mjini zinazouza matumbo mara nne ya bei ya kibanda, na estate za zamani zinazobomolewa moja baada ya nyingine kupisha maghorofa. Nyumba ikianguka, hata kama mwenyewe atalipwa, kibanda kilichokuwa mlangoni hakihesabiwi. Mama aliyekisimamia miaka 30 anajua nani alikula kwa deni wakati wa mgomo, bei ilipanda lini, na matumbo yanaoshwa vipi mpaka harufu iishe. Yote hayo yako kichwani mwake. Hakuna daftari.

Ukipita kwake wiki hii, agiza, keti, kisha muulize alijifunzia wapi.