Hofu ya kipimo cha marudio baada ya matibabu ya saratani

Hofu inayompata aliyemaliza matibabu ya saratani anapokaribia kipimo cha marudio ni ya kawaida, na si dalili kwamba ugonjwa umerejea. Kwa mkazi wa Maretadu, wilayani Mbulu, mwenye miadi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, safari ndefu ya basi huizidisha. Wapo wanaoahirisha kliniki kwa kuogopa majibu, jambo linaloweza kuchelewesha tiba. Mgonjwa anashauriwa kusafiri na ndugu, kubeba picha na majibu ya awali, na kuuliza mapema majibu yatatoka siku gani, kwa kuwa kusubiri bila tarehe huumiza zaidi. Akikosa usingizi mfululizo, amwone daktari katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoko wilayani humo, bila kungoja siku ya kliniki.