Wembe ni ule ule? Vinyozi wasio na majina na tope la kinoo

Ukishuka kwenye daladala pale Kwa Sadala, wilayani Hai, saluni za kiume huzikosi. Mashine inanguruma, muziki uko juu, na ukifika muda wa kuchonga ndevu kinyozi anachana karatasi na kutoa wembe mpya mbele ya macho yako. Dakika chache kazi imekwisha, wembe unatupwa. Hakuna anayeuliza ulinolewa na nani.

Zamani hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe.

Kabla ya viwanda, wembe ulikuwa kazi ya mhunzi. Chuma kilitoka Upare, hasa Ugweno, kikaja Uchaggani kwa biashara, na wahunzi wa mlimani wakakifua. Wembe haukuwa wa urembo tu. Wafiwa walinyolewa baada ya mazishi. Kule tambarare, mama wa Kimaasai alimnyoa mwanawe morani kwenye sherehe ya eunoto, kichwa kikiwa kimeloweshwa kwa maji na maziwa. Siku kama hiyo wembe butu si aibu tu, ni damu.

Lugha yenyewe inakumbuka. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mtoto akililia wembe, mpe. Wembe upo, maji yapo, lakini kuna kitu cha tatu ambacho methali hizo zimekiruka: kinoo.

Na kinoo si jiwe lolote tu. Panga halichagui sana, hata jiwe la mchanga litafanya kazi. Wembe ni mambo mengine. Kilimanjaro ni mlima wa volkano, na baadhi ya miamba ya Kibo ina fuwele kubwa zinazoonekana kwa macho. Ukipitisha wembe hapo umeukwangua. Wembe unataka jiwe laini lenye chembe ndogo zinazolingana, ambalo ukilipapasa unahisi kama kioo kilicholowa.

Hapo ndipo utaalamu unapoanzia. Jiwe laini likiwa tupu hula chuma polepole mno. Kwa hiyo mnoaji hudondoshea maji kidogo, kisha husugua juu yake kakipande ka jiwe la aina ileile mpaka litoke tope jepesi, kama uji wa mtoto. Chembe zilizong'oka zinaelea kwenye maji na kuungana na jiwe kula chuma. Wembe unalazwa bapa, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe, unasukumwa makali yakitangulia, kisha unageuzwa. Hakuna kukandamiza.

Tope likiwa zito sana, makali yanagongana na chembe na kurudi butu. Kwa hiyo kadiri kazi inavyoendelea mnoaji anaongeza tone la maji, tena tone jingine, tope linapungua nguvu mpaka anamalizia kwenye maji karibu matupu. Kisha wembe unapitishwa kwenye mkanda wa ngozi. Kujua lini uongeze tone, hilo liko kwenye vidole.

Ujuzi huu una ndugu mbali. Ubelgiji kuna jiwe la manjano liitwalo coticule, ambalo chembe zake ni ganeti, jamaa wa yale mawe ya kijani yanayochimbwa Mererani. Japani wana kijiwe cha kutengenezea tope, nagura. Ujerumani kulikuwa na vinoo vya Thuringia. Wajerumani hao ndio waliotawala Kilimanjaro, wakamnyonga Mangi Meli Machi 1900, na mwaka 1911 reli yao kutoka Tanga ikafika Moshi. Majina ya mamangi na maofisa yameandikwa. Aliyewanyoa hakuandikwa.

Huko Marekani, kampuni ya King Camp Gillette ilikuwa imeanza kuuza mwaka 1903 wembe mwembamba wa kutumia na kutupa. Wembe wa namna hiyo haukuhitaji kinoo. Ulipofika dukani kwa bei ambayo kila mtu anaimudu, mnoaji akaanza kukosa kazi.

Lakini kilichomaliza kabisa habari ya wembe mmoja kwa watu wengi hakikuwa bei. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa Kagera, na kufikia 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imetoa taarifa za wagonjwa. Ujumbe ukafika kwa kinyozi wa chini ya mti, kwa ngariba na kwa mama nyumbani: msichangie wembe. Na ujumbe ulikuwa sahihi, tusidanganyane. Tope la kinoo hutengeneza makali, haliui virusi. Msemo wa “wembe ni ule ule”, ambao watu huutamba kwa majigambo, ukageuka kuwa hatari.

Kwa hiyo yule kijana wa Kwa Sadala anayechana karatasi anafanya jambo jema. Ila mabadiliko hayo yaliyookoa maisha yalikuja na gharama moja ndogo: watu waliojua kulisoma tope kwa vidole waliondoka bila mtu kuwauliza.

Mabaki yapo. Ukipita buchani ukamwona mzee anadondoshea jiwe maji, ananoa kisu, na ule uji wa kijivu haufuti haraka, muulize alifundishwa na nani. Huenda akakutajia jina ambalo hakuna kitabu kimewahi kuliandika.