Magoti kwa Magoti

Siku moja mjini Madina, mgeni aliingia kwenye kikao cha Mtume Muhammad. Nguo zake nyeupe pepepe, nywele nyeusi tititi, hana hata vumbi la safari, na hakuna aliyemfahamu. Akaketi magoti yake yakigusana na ya Mtume, akauliza: Uislamu ni nini? Imani je? Na ihsani? Kila akijibiwa, alithibitisha. Masahaba wakastaajabu: muulizaji ndiye msahihishaji! Alipokwisha kwenda zake ndipo Mtume alipomweleza sahaba wake Omar kuwa yule ni malaika Jibrili, amekuja kuwafundisha dini yao.

Kisa hiki kimo mwanzoni mwa Kitabu cha Imani katika mkusanyo wa hadithi uitwao Sahihi Muslim. Malaika alishika nafasi ya mwanafunzi, na adabu ya kuuliza ikaonekana kwa macho kabla ya kuelezwa.

Mkusanyo mwingine, Musnad ya Imamu Ahmad, una kisa kingine, kizito zaidi. Kijana alikuja kuomba ruhusa ya kuzini. Watu wakamkemea, Mtume akamsogeza karibu. Je, angeliridhia mama yake atendewe hivyo? Binti yake? Dada yake? Shangazi yake? Kila mara kijana akakataa, na kila mara akaambiwa kuwa wenzake pia hawaridhii. Hakutishwa kwa moto. Aliwekwa katika nafasi ya wale ambao angewaumiza, mmoja baada ya mwingine, kisha akaombewa dua.

Mwanachuoni Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliifafanua njia ya kujifunza kwa kutenda katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din. Anayetaka hati nzuri huiga mkono wa mwandishi hodari, mwanzo kwa kujilazimisha, hadi mkono uzoee. Ukarimu na unyenyekevu hupatikana vivyo hivyo. Alitaka pia mtoto aruhusiwe kucheza akitoka chuoni, kwani kumnyima mchezo kunaua moyo wake.

Ushauri huo ulipata makao Mombasa mwaka 1986, Bi Swafiya Said alipoanzisha shule ya awali ya madrasa Liwatoni kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Mpango ukaenea hadi Zanzibar na Uganda, dini na michezo vikifundishwa pamoja, kwa vifaa vinavyopatikana mahali hapo kama vifuu na vitambaa. Katika mchezo wa nyumba kifuu huwa kikombe na leso huwa pazia. Mgeni mdogo hutoa salamu, hupiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa hugeuka akaenda zake bila kununa.