Fumbo la Kifo cha Toulouse

Katika historia ya Ufaransa kesi hii hunisumbua kuliko zote. Usiku wa tarehe 13 Oktoba, 1761, mjini Toulouse, kijana Marc-Antoine Calas alikutwa amekufa dukani kwa baba yake, Jean, Mprotestanti muuza nguo. Uvumi ukaenea kwamba baba amemwua asiingie Ukatoliki. Familia, kwa kuogopa aibu, kwanza ilificha kwamba alikutwa ananing'inia; uwongo huo ukawaponza. Tarehe 10 Machi, 1762, mzee alivunjwa viungo kwa gurudumu na kuuawa, akikana mpaka mwisho. Voltaire akaipigania kesi hiyo, na mwaka 1765 hukumu ikatenguliwa. Kifo chenyewe bado kinabishaniwa. Mimi naamini kijana alijinyonga. Wadogo zetu mlioko madarasani, uvumi si ushahidi.