Eksirei ya magego ya mwisho
Gego la mwisho, yaani jino la hekima, kwa kawaida huota kati ya miaka 17 na 25. Likikosa nafasi hukwama tayani, mara nyingi likiliinamia jino la mbele yake. Picha ndogo ya ndani ya kinywa huweza kuikosa mizizi, hivyo hupigwa picha ya taya zima. Muhimu kuliko yote ni mfereji wa neva wa taya la chini: mstari mweupe wa ukingo wake ukikatika, au mzizi ukionyesha utepe mweusi unapopishana nao, kung'oa kunaweza kuacha ganzi ya mdomo na kidevu. Hapo picha ya CT husaidia. Gego lililokwama bila ugonjwa si lazima ling'olewe.

Magego ya mwisho husomwa hata katika mafuvu ya kale. Magharibi ya Karatu, Tanzania, katika bonde la Oldupai wilayani Ngorongoro, mwanaakiolojia Mary Leakey aligundua fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, tarehe 17 Julai 1959. Lina umri wa takriban miaka milioni 1.75. Magego yake ya mwisho yalikuwa hayajalika, dalili kwamba alikufa kijana. Taya lake la chini halikupatikana. La juu lina magego makubwa zaidi kuliko yetu, lakini yalipata nafasi.